Je, Wajua? Barabara Zinazoyeyuka na Wanaozilipia

Je, wajua kwamba jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, lina njia za pikipiki za theluji zenye urefu wa zaidi ya maili 25,000? Hizo ni kama kilomita 40,000. Ukizinyoosha ziwe mstari mmoja, zinaizunguka dunia nzima kwenye ikweta: unatoka Nanyuki, unapita Maseno, unakata Uganda na Kongo, unavuka bahari, na unarejea Nanyuki kwa upande wa pili. Hilo ni jimbo moja tu. Jirani yake Minnesota ana zaidi ya maili 22,000 zake mwenyewe.

Kwa asiyewahi kuiona: pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili zinazoelekezwa kwa usukani, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno unaozunguka na kuisukuma. Dereva huketi kama mwendesha bodaboda, na akiwa na abiria, abiria hukaa nyuma yake vilevile.

Je, wajua kwamba karibu mtandao huo wote hutoweka kila mwaka? Masika ya huko yakifika, theluji inayeyuka, na palipokuwa na njia yenye vibao na kona panabaki shamba linalosubiri jembe. Hakuna lami iliyowekwa wala kifusi kilichomwagwa. Idara ya serikali inasimamia, inakagua na inafadhili kitu ambacho kwa sehemu kubwa ya mwaka hakipo.

Na ardhi yenyewe je, ni ya nani? Hili huwashangaza wengi. Sehemu kubwa ya njia hizo inapita kwenye ardhi ya watu binafsi: mashamba ya mahindi na soya, malisho ya ng'ombe wa maziwa, misitu ya familia, nyuma ya ghala la mzee fulani. Wisconsin ni nchi ya maziwa na jibini, na mkulima akishavuna, shamba linalala hadi mwaka mpya wa kilimo. Klabu ya waendeshaji wa eneo hilo humwendea, ikamwomba ruhusa ya kupita, naye mara nyingi hukubali bila kudai chochote. Halipwi pango wala fidia ya usumbufu. Anachopata ni mwaliko wa karamu ambayo klabu nyingi huwaandalia wenye ardhi.

Je, wajua kwamba kutodai malipo kunamlinda mkulima huyo? Kifungu cha 895.52 cha sheria za Wisconsin kinasema kwamba mwenye ardhi anayewaacha watu waingie kwake kwa burudani, iwe kuwinda, kuvua, kutembea au kuendesha pikipiki ya theluji, hana wajibu wa kukagua ardhi yake kwa ajili yao, wala wa kuwaonya juu ya hatari, na mtu akijiumiza humo hawezi kumdai, isipokuwa kama kadhuriwa kwa makusudi. Ila kuna sharti. Mwenye ardhi akianza kutoza, na jumla ya alichopokea kwa mwaka kwa burudani hiyo ikapita dola 2,000, kinga inamtoka. Basi ukarimu wake una hesabu ndani yake, na hesabu hiyo imeandikwa na bunge la jimbo. Mimi nakiona kifungu hiki kuwa na uzito kuliko bajeti nzima ya njia. Fedha hununua dizeli na vibao. Geti la mkulima linafunguliwa na kifungu hiki.

Linafungwa pia. Mwendeshaji mmoja akitoka nje ya alama na kukata katikati ya ngano iliyopandwa kabla ya baridi, au akapita karibu na zizi usiku wa manane, mwenye shamba anaweza kusema basi. Njia inakatika hapo. Na njia iliyokatika katikati haina faida: klabu lazima itafute jirani mwingine wa kukubali, pengine wawili watatu, na kama kuna kijito, daraja jipya. Ndiyo sababu ukienda kwenye klabu yoyote ya kaskazini, wimbo wa kwanza utakaousikia ni usitoke njiani.

Je, wajua ngazi za usimamizi zilivyopangwa? Juu kabisa ni Idara ya Maliasili ya Wisconsin. Chini yake ni kaunti, ambazo jimbo zima linazo 72. Chini ya kaunti ni klabu, mamia ya klabu, na humo ndimo ilimo mikono yenyewe. Idara haiajiri mtu wa kusawazisha njia ya kijijini. Inatoa ruzuku kwa kaunti. Kaunti inaingia mkataba na klabu. Klabu inatoa watu wake, ambao ni mafundi magari, walimu, wafugaji na wastaafu, wanaofanya kazi baada ya kazi bila mshahara. Serikali ni mtunza daftari. Inahesabu maili, inapokea risiti, inakagua kama daraja liko salama na kama kibao kimewekwa panapostahili. Wanaotoka jasho, kama mtu anaweza kutoka jasho kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri, ni watu wa kujitolea.

Klabu hizo zina shirikisho lao la jimbo zima, lijulikanalo kwa herufi AWSC. Nguvu ya shirikisho hilo utaiona kwenye bei ya stika, kibali cha mwaka cha kutumia njia; tutafika.

Je, wajua kiasi kinacholipwa? Kwa miaka mingi kiwango cha ruzuku ya matengenezo kilikuwa dola 250 kwa maili kwa mwaka. Kikapandishwa hadi dola 300. Ukigawanya, ni chini ya dola 190 kwa kilomita, na ndani yake mna mafuta, vibao, vigingi, vipuri na kukata matawi. Wakati huohuo mashine mpya ya kusawazisha theluji hupita dola laki moja bila shida. Panapopelea, klabu huandaa bahati nasibu, huuza kifungua kinywa cha chapati za maziwa siku ya Jumapili, hupitisha kofia.

Kaunti zenye theluji nyingi na waendeshaji wengi, kama zile za kaskazini, gharama zao huvuka kiwango hicho. Zinaruhusiwa kuomba nyongeza. Lakini mfuko wa nyongeza una kina chake: maombi yakizidi kilichomo, kila kaunti inapunguziwa kwa uwiano.

Je, wajua kwamba mashine ya kusawazisha hufuatiliwa kwa satelaiti? Zamani klabu iliandika kwenye karatasi saa ilizofanya kazi na maili ilizopita, na kaunti ikaamini. Siku hizi mashine za njia zinazofadhiliwa hufungwa kifaa cha GPS, na mfumo uitwao SNARS hurekodi ilipita wapi, lini, kwa mwendo gani. Malipo yanafuata rekodi. Anayesema alikesha njiani huku mashine ikiwa bandani atajieleza mbele ya ramani.

Na kwa nini kukesha? Kwa sababu njia hutengenezwa vizuri zaidi usiku. Pikipiki mia zikipita mchana, mikanda yao huchimba theluji na kuacha matuta, moja baada ya jingine, hadi kiuno kinalia. Mashine huburuta nyuma yake fremu nzito ya chuma yenye visu: visu hukata vichwa vya matuta, theluji inachanganywa, kisha bapa la nyuma linaigandamiza. Sasa inahitaji saa kadhaa za baridi kali bila mtu kuikanyaga ili ishikane. Ukiitengeneza saa nane mchana kwenye jua, na kundi la vijana likapita dakika kumi baadaye, umechoma dizeli bure.

Je, wajua kwamba hakuna hata dola moja ya kodi ya jumla ya wananchi kwenye mpango huu? Asiyeendesha halipi. Fedha zinatoka kwenye mabomba matatu: ada ya usajili wa pikipiki, stika ya njia, na fungu la kodi ya petroli.

Usajili ni rahisi kueleza: dola 30 kwa miaka mitatu.

Stika ina siasa ndani yake. Katika sura yake ya sasa ilianza Julai 2015, na bei zake ni tatu. Mkazi wa Wisconsin ambaye si mwanachama wa klabu analipa dola 30 kwa mwaka. Mgeni wa nje ya jimbo, ambaye mara nyingi ni mtu wa Chicago na viunga vyake aliyevuta trela lake Ijumaa jioni, analipa dola 50. Mwanachama wa klabu na wa shirikisho analipa dola 10. Tofauti ya dola 20 kati ya mwanachama na asiye mwanachama ndiyo kiini cha mambo. Serikali haikumlazimisha mtu kujiunga. Ilifanya tu kukaa nje kuwe ghali. Ada ya uanachama inakwenda klabuni, klabu inapata majina kwenye orodha, na wachache miongoni mwa majina hayo siku moja watashika nyundo. Jimbo la New York lilikuwa na ujanja huohuo kabla: kwa miaka mingi usajili wa mwaka ulikuwa dola 100 kwa asiye na klabu na dola 45 kwa mwenye klabu.

Je, wajua kuhusu hesabu ya petroli? Shika kalamu. Kila galoni ya petroli inayouzwa Wisconsin hukatwa kodi ya jimbo, senti 30.9, kiwango ambacho hakijapanda tangu 2006. Kodi hiyo ni ya kujenga na kutunza barabara. Lakini pikipiki ya theluji haitumii barabara, na hata hivyo mwenyewe hununua petroli kwenye kituo kilekile na kukatwa kodi ileile. Msomaji wa Kenya analijua jambo hili: mvuvi wa Lamu anayejaza mtambo wa boti hulipa tozo ya matengenezo ya barabara ambayo boti yake haitaikanyaga kamwe. Wisconsin iliamua kumrudishia mwendeshaji, lakini si mkononi. Inamrudishia kwenye njia.

Itajuaje kila mmoja ametumia galoni ngapi? Haijui, na haijisumbui kujua. Sheria inadhani tu kwamba kila pikipiki iliyosajiliwa hutumia galoni 50 kwa mwaka. Siku ya mwisho ya Februari wanahesabu pikipiki zote zilizo kwenye daftari, wanazidisha kwa 50, wanazidisha kwa kiwango cha kodi, halafu jibu wanalizidisha tena kwa 1.4. Pikipiki moja, basi, inaleta dola 15.45, na baada ya kuzidishwa kwa 1.4 inakuwa dola 21.63. Tuseme pikipiki ni laki mbili: hapo ni zaidi ya dola milioni 4.3 zinazohamishwa kutoka mfuko wa barabara kwenda mfuko wa theluji. Nayapenda mahesabu ya namna hii. Hayadai kuwa ya kweli kwa mtu mmoja mmoja. Yule mwenye pikipiki iliyolala gereji miaka miwili anahesabiwa galoni 50 sawa na yule anayezunguka kila wikendi. Yanachodai ni kwamba yanajumlishika, na kwamba karani mmoja anaweza kuyamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Watu wa jimbo la Maine walikwenda njia tofauti. Bunge lao lilitamka kwa sheria kwamba asilimia 0.9045 ya mapato yote ya kodi ya petroli yanatokana na pikipiki za theluji. Tarakimu nne baada ya nukta! Mjini Lewiston na Portland wanaishi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, na Kiswahili husikika sokoni. Wakijaza mafuta kwenye magari yao kwenda kazini, hawana habari kwamba kodi yao inaingia kwenye chungu kimoja na ya waendesha theluji kabla ya sehemu hiyo ndogo kuchotwa.

Je, wajua kwamba Wisconsin ina baraza zima la pikipiki za theluji? Lina wajumbe 15, wanateuliwa na gavana, na kazi yao ni kuishauri Idara ya Maliasili. Sheria inataka wajumbe wasiopungua watano watoke kaskazini na wasiopungua watano kusini. Mgawanyo huo una maana yake. Theluji iko kaskazini, kwenye misitu ya Vilas na Oneida. Watu na pochi zao wako kusini, Milwaukee na Madison. Mtu wa kusini hulipa usajili na stika, kisha huendesha kaskazini. Bila viti vya kila upande, mmoja angekuwa mlipaji na mwingine mgawaji.

Je, wajua kwamba mojawapo ya pikipiki za theluji za mwanzo kabisa ilitengenezwa Wisconsin kwa sababu ya mguu mbaya? Carl Eliason, mkazi wa kijiji cha Sayner katika kaunti ya Vilas, alikuwa na tatizo la mguu, na hakuweza kuwafuata wenzake kwa skii kwenda kuwinda na kuvua. Mwaka 1924 akafunga mtambo mdogo wa boti kwenye kitelezi kirefu cha mbao, akachanganya vipande vya baiskeli na vya gari la Ford Model T, akaondoka. Hataza aliipata 1927. Kaunti yake hiyohiyo ina mji wa Eagle River, ambako mashindano makubwa ya mbio za pikipiki za theluji yalianza 1964.

Wakati huo hapakuwa na njia wala sheria. Mtu alinunua, akawasha, akaenda alikotaka. Kufika 1971 ziliuzwa karibu nusu milioni kwa mwaka mmoja Amerika Kaskazini. Uzio ukakatwa, miche ya misitu ikakanyagwa, kulungu wakafukuzwa, watu wakafa kwenye waya wa seng'enge. Mwaka 1972 Rais Nixon alitoa amri ya kuzitaka idara za ardhi za shirikisho ziamue wapi vyombo hivi vipite na wapi visipite. Majimbo nayo yakaandika sheria zake. Ya Wisconsin ni sura ya 350 ya vitabu vyake vya sheria, na karibu kila ninachokueleza hapa, kuanzia stika hadi baraza, kimo humo.

Je, wajua kuhusu milango ya mahandaki? Njia ya Elroy–Sparta, maili 32, ilikuwa reli ya kampuni ya Chicago and North Western. Reli ilipoachwa, jimbo liliinunua mwaka 1965 na kuigeuza kuwa njia ya baiskeli, miongoni mwa za kwanza za aina yake nchini humo. Wakati wa baridi hupitwa na pikipiki za theluji. Ina mahandaki matatu, moja lina urefu wa robo tatu ya maili, na kila handaki lina milango mikubwa ya mbao. Enzi za treni, mlinzi aliifunga wakati wa baridi na kuifungua treni ikija, ili maji yanayovuja mwambani yasigande na kupasua kuta. Milango bado hufungwa kila baridi kwa sababu ileile. Mwendeshaji akifika pale huzunguka nje.

Ruzuku ya madaraja ni fungu jingine kwenye mpango huu. Daraja la njia ya theluji si ubao uliotupwa juu ya kijito: lazima libebe mashine ya kusawazisha, ambayo ni trekta kamili.

Je, wajua nani hutangaza njia imefunguliwa? Si Idara, si gavana, si hali ya hewa. Ni kaunti, kila moja kivyake. Unaweza ukawa unaendesha vizuri, ukafika mpaka wa kaunti, ukakuta kizuizi: upande wa pili bado. Theluji ya juu haitoshi. Mabwawa na ardhi tepetepe chini yake lazima yagande kwanza, la sivyo trekta inazama. Na Novemba ni mwezi wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Mwenye msitu hataki injini zinazonguruma ilhali mwanawe kakaa juu ya mti akisubiri. Hivyo msimu huanza karibu Desemba na kufa Machi.

Barafu ya ziwani haina mwenyewe. Klabu huweka vigingi kuonyesha njia juu ya ziwa lililoganda, lakini Idara haipimi unene wa barafu wala haidhamini chochote. Ukizama ni wewe na Mungu wako, na kikosi cha uokoaji.

Je, wajua kwamba mwaka wa kuzaliwa unaweza kukuzuia kuendesha? Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1985 au baadaye, akishatimiza miaka 12, lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama ili aendeshe kwenye njia za umma. Aliyezaliwa siku moja kabla hahitaji. Kwa hiyo baba wa miaka 65 ambaye hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa kitabu cha usalama anaruhusiwa. Binti yake wa miaka 38, daktari wa dharura, akalipie kozi.

Mwendo wa usiku mwisho ni maili 55 kwa saa, karibu kilomita 88. Mchana hakuna namba ya jumla. Sheria inasema tu uendeshe kwa busara. Karibu na nyumba ya mtu, ndani ya futi 150, kati ya saa nne na nusu usiku na saa moja asubuhi, ni maili 10 tu. Ukelele wa injini nao una kipimo: desibeli 78. Vipimo hivi viwili vya mwisho vinamlinda aliyelala kuliko anayeendesha, na ndivyo vinavyomfanya mwenye shamba atie saini mwaka ujao.

Ulevi ni kosa kama barabarani, kiwango 0.08. Hapa pana unafiki kidogo usioandikwa popote. Njia nyingi hupita kwenye baa, maana baa ndiyo yenye supu, choo na pampu ya petroli karibu, na mwenye baa ni mfadhili wa klabu. Vileo huonekana kwenye ajali nyingi za kuua. Sherifu wa kaunti hupeleka askari wake njiani, nao wako juu ya pikipiki za theluji pia, na sehemu ya gharama ya doria hiyo hurudishwa na jimbo kutoka mfuko uleule wa waendeshaji. Yaani anayekamatwa alishamlipia aliyemkamata.

Kwa haraka sasa, majimbo mengine. Je, wajua kwamba Idaho humwacha mwenye pikipiki achague kaunti itakayopata sehemu kubwa ya ada yake ya usajili? Mtu wa mjini anaipa kaunti ya milima anakoendesha. Je, wajua kwamba Vermont iliuachia mtandao wake, karibu maili 5,000, shirika la watu binafsi lisilo la faida? Linaitwa VAST, lilianzishwa 1967, na ndilo linalouza kibali na kusimamia klabu. Huko msimu una tarehe: 16 Desemba hadi 15 Aprili, hata mvua ya theluji ije Novemba. Je, wajua kwamba Maine, yenye maili kama 14,000, imezipa njia zake kuu namba kama za barabara? Unaambiwa fuata ITS 85, unafuata. Na Minnesota ndiko zilikozaliwa kampuni mbili kubwa za utengenezaji: Polaris katika mji wa Roseau, na Arctic Cat huko Thief River Falls. Zote mbili zinahusu mtu mmoja, Edgar Hetteen, aliyeanzisha ya kwanza na ndugu na rafiki, akatofautiana nao, akaenda kuanzisha ya pili.

Serikali ya shirikisho nayo ina fungu lake, lililoanza 1991 likibeba jina la seneta wa Idaho wa wakati huo, Steve Symms. Linatokana na kodi ya shirikisho ya mafuta yanayotumiwa nje ya barabara, na hugawiwa majimbo. Angalau asilimia 30 ya fedha hizo lazima iende kwenye njia za vyombo vya injini, asilimia 30 kwenye njia zisizo za injini, na 40 kwenye njia za matumizi mchanganyiko. Soma tena: mwenda kwa miguu hujengewa njia kwa petroli ambayo hakuinunua. Waendesha theluji hulikumbuka jambo hili vizuri sana kila wanapolaumiwa na watembeaji kwa kelele.

Je, wajua kinachotokea theluji isiponyesha? Majira ya baridi ya 2023–24 yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyorekodiwa Wisconsin. Kaunti kadhaa hazikufungua njia hata siku moja. Hoteli, baa na vituo vya mafuta vya kaskazini viliumia. Mfuko wa njia haukuumia kiasi hicho mwaka uleule, na sababu ni ile hesabu ya Februari: inahesabu pikipiki zilizosajiliwa, na usajili ni wa miaka mitatu. Galoni 50 zilihesabiwa kwa kila pikipiki ingawa nyingi hazikuchoma hata tano. Kilichopungua ni stika, kwa kuwa stika hununuliwa na anayetaka kutoka leo. Ila daftari la usajili nalo lina subira yenye mwisho. Baridi mbili tatu za namna hiyo mfululizo na watu wataanza kuuza pikipiki, na hapo mabomba mawili kati ya matatu yanapungua kwa mpigo, huku daraja la mbao likiendelea kuoza, theluji iwepo isiwepo.

Kuhusu stika, jambo moja la mwisho. Mwaka wake unaanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, katikati ya kiangazi, watu wakiwa ziwani na kaptura. Ya mwaka jana iliyobandikwa kwenye kioo cha pikipiki haikusaidii Desemba. Askari wanaijua rangi mpya.